Ruhusa ya Mtu Mmoja

Kompyuta saba zilifika kwenye chuo chetu kidogo cha afya, Ifakara, mwishoni mwa miaka ya tisini, zimeviringishwa kwenye magodoro ili zisigongane njiani. Zilikuwa zimetumika kwingine kabla ya kuja kwetu. Moja ilikuwa na kibandiko cha ua pembeni mwa skrini, na hakikutoka hata nilipokikwangua kwa kisu. Mkuu wa chuo aliamua ziwekwe maktaba, upande wa madirisha, wanachuo wasome magonjwa kwenye diski badala ya kugombania vitabu vichache vilivyobaki na kurasa zake zote.

Mimi nilikuwa karani wa takwimu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Lumemo, na nilikuwa nimesoma kompyuta kwa miezi tisa Morogoro mjini. Pale chuoni hiyo ilitosha kuniita mtaalamu.

Ndani ya mwezi mmoja zile mashine zilikuwa hoi. Mmoja alibadilisha rangi mpaka maandishi hayakusomeka. Mwingine alifuta programu ya kuchapia akidhani anapunguza uzito wa mashine. Wengine walileta diski za kutoka nyumbani kwa jamaa zao, na virusi vikaingia, na wanachuo wa afya wakapata utani wa wiki nzima. Kila asubuhi nilianza na mashine ya kwanza, nikifika ya saba ile ya kwanza imeshaharibika tena.

Mkuu wa chuo akaita fundi kutoka Dar es Salaam. Alikaa siku tatu. Alikuja na mashine kubwa zaidi, seva, tukaiweka ofisini kwangu, tukavuta nyaya kupitia darini hadi maktaba.

“Usizunguke kufunga moja moja kama mlinzi wa usiku na funguo zake,” aliniambia. “Masharti unaandika hapa mara moja. Mtu akikaa kwenye kompyuta yoyote na kuandika jina lake, ile kompyuta inaiuliza seva: huyu anaruhusiwa nini? Seva ikisema kamusi tu, basi ataona kamusi tu.”

Nilipenda jinsi alivyosema, kana kwamba seva ni mama mwenye nyumba. Aliondoka na basi la alfajiri akiniachia daftari la maelekezo, na kazi ya kuandika masharti ikawa yangu.

Niliandika Jumamosi, chuo kikiwa kimya. Nilitoa kila kitu: mipangilio, rangi, sehemu ya diski za nje, michezo. Nikaacha vitu vitatu kwenye skrini: kamusi, diski ya magonjwa, na programu ya kuchapia. Palipoulizwa masharti haya ni ya nani, nikachagua watu wote. Kisha nikazima seva na kuiwasha ili nione matunda ya kazi yangu.

Iliwaka ikiwa na kamusi, diski ya magonjwa, na programu ya kuchapia. Hakuna kingine. Nilikuwa nimesahau kwamba katika watu wote na mimi nimo.

Nilikaa nikaitazama. Nilijaribu kila kitufe nilichokijua. Jasho likanitoka, na si la joto la Kilombero. Jumatatu mkuu wa chuo alikuwa ameahidi kuonyesha maktaba kwa wageni. Nilikwenda kumwomba simu, nikampigia fundi, na nilipomaliza kueleza akacheka kwa muda mrefu.

“Hata mimi nilifanya hivyohivyo mara ya kwanza,” alisema. “Sasa niambie, kuna kompyuta ambayo hujaiunganisha na seva?”

Ilikuwepo. Ile yenye kibandiko cha ua ilikuwa imeharibika feni, nikaiacha pembeni. Haikuwa imekula kiapo kwa seva kama wenzake. Aliniambia niiwashe hata bila feni, niichomekee waya wa seva, nipitie humo kuingia kwenye seva kwa jina langu, nitafute faili la masharti na kulibadilisha jina. Seva isipolikuta faili haitakuwa na cha kumkataza mtu. Nikafanya. Mashine ilinguruma na kupata moto kama pasi, lakini ilidumu dakika zilizohitajika. Baadaye niliandika upya, safari hii kwa makundi: wanachuo kundi lao, walimu kundi lao, na mimi peke yangu nje ya masharti.

Jumatatu kila kitu kilikwenda vizuri. Wageni walisifu. Wanachuo walinuna siku mbili tatu, wakazoea. Kwa mara ya kwanza niliweza kunywa chai ya saa nne nikiwa nimekaa.

Msimamizi wa maktaba alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Mpogoro wa upande wa Mahenge, mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili na shati lililopigwa pasi hata siku ya kupanga vitabu. Wote tulimwita mwalimu. Kabla ya masharti yangu, nilizoea kumkuta saa kumi alasiri, wanachuo wakiwa uwanjani, amekaa kwenye kompyuta ya mwisho akicheza ule mchezo wa karata uliokuja na mashine. Alicheza kwa uso wa mtu anayesahihisha mitihani. Nilidhani ni uvivu wa uzeeni, na nikauona una haki yake, lakini nilipofunga michezo sikumfikiria hata kidogo. Saa kumi yeye akawa anakaa kwenye meza yake, akitazama nje.

Wiki kadhaa baadaye mvua zilianza na mwalimu akapata homa. Mkuu akaniomba nishike maktaba. Mwanachuo mmoja alirudisha kitabu, nikavuta droo kutafuta rejista, nikatoa daftari ambalo halikuwa rejista. Kila mstari ulikuwa na tarehe na dakika. Ya kwanza: dakika ishirini na sita, imeshindikana. Inayofuata: ishirini na nne. Iliendelea hivyo kurasa nne, dakika zikishuka: kumi na tano, kumi na moja, tisa. Maandishi ya mwanzo yalikuwa yamelala kama nyasi baada ya mafuriko. Ya mwisho yalisimama. Mstari wa mwisho ulikuwa na tarehe ya ile Jumatatu ya wageni, na neno moja: Zimefungwa.

Nilirudisha daftari mahali pake. Sikuelewa yote, lakini nilielewa kwamba kuna kitu nilichokifunga ambacho hakikuwa mchezo.

Aliporudi nilimfuata kwenye meza yake.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Naomba unisamehe. Nilikuwa natafuta rejista, nikaona daftari lako.”

Aliuweka mkono wake wa kulia mezani, taratibu, kama mtu anayeweka kitu cha kuazima. Alinisimulia kwamba mwaka uliotangulia alipata kiharusi, akiwa likizo kwao ng'ambo ya mto. Mdomo ulirudi, mguu ukarudi, mkono ukabaki mzito. Hospitali walimpa mpira wa kuminya.

“Nikaminya mpaka nikachoka na ule mpira,” alisema. “Halafu nikaona wanachuo wanacheza karata. Unabonyeza, unashikilia, unaivuta karata mpaka mahali pake, unaachia. Ukiachia mapema, inarudi ilikotoka. Mkono wangu ulikuwa unaachia mapema kila mara.”

“Kwa nini hukuniambia, mwalimu?”

“Ningesemaje? Mkuu kakupa kazi ya kufunga. Mimi mzee niende nikaseme nifungulieni karata?”

Siku ileile nilikaa kwenye seva nikaunda kundi jipya. Lilikuwa na jina moja ndani yake. Nililiwekea masharti yote ya wenzake, ila karata nikaziacha wazi. Kazi ya robo saa. Nilipomwonyesha, alikataa kukaa.

“Wakiniona?”

“Saa kumi wako uwanjani.”

Akakaa. Ule mchezo wa kwanza ulimchukua dakika kumi na tisa. Alivyozidi kuchelewa ndivyo nilivyozidi kuona aibu, maana nilijua alishafika tisa.

Aliyemwona hakuwa uwanjani. Alikuwa mwanachuo wa mwaka wa pili, binti wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Idete na ng'ombe wao, msomaji kuliko wote na mwenye ulimi usioogopa mtu. Alikuja moja kwa moja ofisini kwangu.

“Dada, masharti ni ya wote au ni yetu tu?”

Siri haikuwa yangu kuitoa. Nikasema tu kwamba kila kundi lina ruhusa zake. Alitikisa kichwa.

“Basi kundi la mwalimu ni kundi zuri.”

Nilidhani atakwenda kuwachochea wenzake. Badala yake alirudi maktaba akamuuliza mwenyewe, na mwalimu, ambaye kwangu alikuwa ameficha miezi yote ile, akamnyooshea mkono na kumwambia yote. Baadaye nilimuuliza mwalimu kwa nini alimwambia yeye na si mimi. Akajibu, “Yeye aliuliza.”

Binti aliomba aandike zoezi lake la mwisho wa muhula juu ya mkono ule. Kila Ijumaa alimpima: nguvu ya kushika, vidole, muda wa karata. Mwalimu alianza kuja akiwa amekata kucha. Walibishana sana, kwa sababu binti alitaka mkono upumzishwe kila baada ya mchezo mmoja na mwalimu alitaka kuvunja rekodi yake. Nilikuwa nawasikia kupitia ukuta.

Zoezi lilimfikia mkuu wa chuo, naye akaniita.

“Kumbe kuna karata kwenye maktaba yangu.”

“Ndiyo, mkuu. Za mtu mmoja.”

Alifunua karatasi za yule binti, akasoma tena ukurasa mmoja. Kisha akasema linalomsumbua ni kwamba ruhusa ile haijaandikwa. Ruhusa isiyoandikwa itageuka upendeleo siku nikihamishwa. Nikaandike kwenye karatasi ya masharti, wazi, ibandikwe mlangoni: mwenye shida ya mkono au macho aje aseme. Ndivyo nilivyofanya. Wakaja wawili tu, na mmoja alitaka maandishi makubwa.

Mkono wa mwalimu haukurudi wote. Ulifika dakika nane, ukakaa hapo, na mwishoni mwa kiangazi akastaafu kabisa, akavuka kwa kivuko kurudi kwao. Binti alipangiwa zahanati upande wa Mbingu. Nilisikia anafanya kazi vizuri na anagombana na kila mtu.

Mwaka uliofuata zililetwa kompyuta nyingine tatu. Kabla ya kuziandikia masharti nilipita chuoni na daftari, nikauliza kila mtu anazitumia kwa lipi hasa. Walimu walisema mitihani. Wanachuo walisema kusoma, wakacheka. Mama wa usafi alikuwa anapiga deki koridoni, nami nikakaribia kumpita. Nikasimama nikamuuliza na yeye.

Akaegemea fagio lake la deki. Alisema jioni, akimaliza, huchapa maneno ya nyimbo za kwaya, kwa sababu waimbaji wa sauti ya pili hawawezi kuusoma mwandiko wake.

“Wewe unaimba sauti gani?” nikamuuliza.

“Ya kwanza,” akasema, na akaniimbia mstari mmoja pale pale koridoni, sakafu ikiwa bado mbichi.