Fidla Aliyoitengeneza Baba

Jana nilipeleka kiti kibovu kwa seremala, na harufu ya gundi ya mbao iliyokuwa ikichemka kwenye kopo ikanisimamisha mlangoni.

Baba alikuwa mchonga vinyago. Dada yangu mkubwa alipiga fidla katika okestra ya mjini, yeye peke yake kutoka mtaa wetu wa Makongeni. Siku moja fidla ilimponyoka kwenye ngazi za ukumbi, ikapasuka ubao wa mbele.

"Lete hapa, mama," Baba alimwambia. "Mbao nazijua mimi."

Aliishughulikia wiki nzima. Alibandika kiraka cha mbao kwa ndani, kwa gundi kama hiyo ya jana, akaipiga msasa mpaka ufa usihisike hata kwa kidole. Dada alimkumbatia. Lakini kiraka kilikuwa kinene mno. Jumamosi hiyo mazoezini, kiongozi wa okestra alimwambia sauti imekufa, asirudi mpaka apate fidla nyingine. Nyingine angeitoa wapi? Aliniambia mimi tu.

Basi kila Jumamosi alivaa sketi yake nyeusi, akabeba kasha la fidla, akanishika mkono. Tulikwenda kanisani, mtaa wa Ziwani, tukakaa benchi la nyuma, kasha likiwa mapajani mwake, halijafunguliwa. Vidole vyake vya kushoto vilitembea juu ya kifuniko, taratibu, mpaka saa za mazoezi zikaisha.

Tuliporudi, Baba alikuwa akitungoja mlangoni, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Bado inaimba?"

"Inaimba, Baba," Dada alijibu.

Akanigeukia mimi. Nami nikasema inaimba.