Nguva Alinikumbatia, Mwanangu Akaniaga

Nguva alinikumbatia mbele ya binti yangu, nikalia ndani ya miwani ya kuogelea.

Wenzangu wa hapa Crystal River mtacheka. Chekeni, ila someni mpaka mwisho.

Naitwa Royce, fundi injini za boti. Delaney, mwanangu pekee, ana miaka kumi na moja. Anaishi Tampa na mama yake, Kendra, na baba wa kambo.

Tangu akiwa na miaka saba alikuwa akiniuliza, "Baba, lini tunaenda kuogelea na nguva?"

"Wiki ijayo, mwanangu."

Nguva wenyewe wako dakika kumi kutoka karakana yangu. Kila baridi wanajaa kwenye chemchemi, na kila baridi mimi niko bize, mpaka akaacha kuuliza.

Januari iliyopita akanipigia mwenyewe.

"Jumamosi tunaenda. Bibi ameshachukua nafasi kwenye boti. Usipokuja, tunaenda bila wewe."

Moyoni nikasema, hapa nimesamehewa.

Asubuhi ile maji yalikuwa yakifuka mvuke. Mama yangu, Bibi Earlene, alijifunga blanketi na kukumbatia mfuko wa karanga za kuchemsha.

"Mimi siingii kwenye maji na mnyama aliyenizidi uzito," alisema. "Na walionizidi wamebaki wachache."

Delaney alicheka mpaka akapaliwa. Njiani alituonyesha ndege mwari juu ya nguzo, kisha fisi maji wawili wakigombea samaki. Kila kitu alikiangalia kwa muda mrefu. Sikujiuliza kwa nini.

Kapteni wetu, mama mmoja anaitwa Marva, akatupa masharti.

"Humfukuzi, humshiki. Unaelea tu kama umelala. Akikutaka atakuja."

Tukaingia, mirija ya kupumulia mdomoni. Nikaona kitu kama jiwe la kijivu kinapanda kutoka chini. Mdomo una sharubu, mgongoni makovu manne ya pangaboi la injini ya boti.

Jamaa akaja moja kwa moja kwangu. Akajigeuza tumbo juu, akanizungushia kikono chake begani.

Niliganda.

Nikasikia Delaney anacheka ndani ya mrija wake. Halafu akanishika mkono. Hakuwa amenishika mkono tangu aanze shule. Tukaelea hivyo hivyo mpaka nguva akachoka na sisi.

Ndipo nikalia.

Tuliporudi kwenye boti nilikuwa mwepesi kama karatasi.

"Mwakani tena," nikasema. "Kila mwaka sasa. Mimi na wewe."

Mama akaacha kutafuna.

Delaney akainama, akaanza kuvua viatu vya maji.

"Mwakani sitakuwepo, baba. Tunahamia Oregon, upande wa pili wa nchi. Jumanne."

"Jumanne ipi?"

"Hii inayokuja."

Nikamgeukia mama. "Ulijua?"

"Nimejua juzi. Akaniomba akuambie mwenyewe."

Hasira zikanipanda. "Kendra hawezi kukuhamisha bila ridhaa yangu. Sheria ipo."

"Ulipelekewa barua ya mahakama," Delaney akasema taratibu. "Mwezi wa kumi. Ulitakiwa kujibu kama unakataa."

Nikaikumbuka bahasha. Niliipokea kwa mkono wangu, mikono ina grisi, nikaitupa juu ya friji. Nilisema nitaisoma nikitulia.

"Kila siku nikitoka shule nilikuwa namuuliza mama, baba amejibu? Siku ya mwisho ilipopita, nikaacha kuuliza."

Hakulia. Alisema kama mtu anayesoma tangazo. Kapteni Marva akajifanya anakagua kamba. Mama akamfunika mtoto kwa blanketi lake, akaniangalia mimi.

"Ungenipigia, mwanangu."

"Nilitaka ukatae mwenyewe."

Jumanne wakaondoka. Nilimpata mwanasheria. Akaisoma ile karatasi, akauliza kwa nini nimekuja Januari.

Delaney hupokea simu zangu kila Jumapili. Ananijibu vizuri, kwa adabu, halafu ananitakia wiki njema. Adabu hiyo ndiyo inayonimaliza.

Wewe uliye na mtoto anayekusumbua kwa swali lile lile kila siku, mjibu leo. Mimi wangu aliponyamaza, nilidhani amekua.