Sleyum, Mpima Viwanja vya Wenyeji, Mwenyewe Kaandikwa Mgeni

Saa mbili asubuhi, Wadi Kabir, pembeni mwa Maskati, Omani, Sleyum Ishaq anavuta mnyororo wa kupimia juu ya changarawe. Anaukaza, anapiga kigingi, anasogea. Hiki ni kiwanja cha hamsini na tatu tangu aajiriwe, mwaka huu wa 1970, na ofisi inayowagawia wenyeji viwanja.

"Kaza vizuri, yakhe," mwenzake Mahfoudh anamtania. "Mwenye kiwanja hiki mwenyeji. Wewe mgeni, utahama."

Sleyum anapiga kigingi kingine.

Ana miaka arobaini na moja. Alikuja Maskati kutoka Unguja baada ya 1964, pamoja na mkewe Nasriya na watoto wanne. Wote sita wanalala chumba kimoja mtaa wa Hamriya, na mwenye nyumba anakitaka chumba chake kabla ya Ramadhani.

Aliomba kiwanja ofisini hapo hapo. Karani akamuuliza kwa Kiarabu bilad yake wapi. Akajibu Unguja.

"Mie nlidhani ananiuliza nchi niliyotoka," anasema. "Kumbe huku bilad ni mji wa mababu. Babu yangu mtu wa Ibra, huku huku Omani, kazikwa Ibra. Ningeutaja, saa hizi nna kiwanja, na kuta nshasimamisha."

Karani aliandika: mgeni, na mgeni hapewi kiwanja. Neno hilo hawezi kulifuta karani, wala mkuu wa ofisi. Hulifuta baraza la wazee watano, waliochaguliwa na mwenyekiti wao, naye hajulikani kachaguliwa na nani. Hawaandiki wanachoamua. Hukutana wakitimia, na tangu Rajabu hawajatimia. Anayelalamikia uamuzi wao, hulalamika kwao.

Viwanja vyao walikwisha gawana. Sleyum anajua, maana kavipima yeye: vitano, vyote karibu na kisima.

Nasriya alikwenda kumsihi mmoja wao. Akaambiwa avute subira na asali sana.

"Kusali nnasali," anasema. "Lakini yeye kanambia hayo kakaa kivulini mwa nyumba yake mpya."

Baraza linataka mashahidi wawili wa Ibra waliomjua babu, aliyefariki miaka arobaini iliyopita. Alhamisi, Sleyum atapanda lori la tende kwenda kuwatafuta. Kasikia kwa waliomjua babu kabaki mzee mmoja tu, tena haoni.

"Ntamleta huyo huyo, wamkatae mbele yangu," anasema. "Namwomba Mungu nimkute hai. Marehemu baba alikuwa akisema sauti yangu ni ya babu. Mzee huyo macho hana, lakini akinisikia atanijua."