Namba Moja Isiyoandikwa

Kila Jumanne muuza santuri wa duka letu hapa Hull, Uingereza, hupanda ngazi fupi, chaki sikioni, na kuandika ubaoni nyimbo ishirini zinazoongoza nchini. Huanzia ya ishirini, na haharakishwi na mtu. Wiki ile wimbo wa bendi ya vijana waliopigwa marufuku redioni kwa kuwakejeli maaskofu ulishika namba moja. Makao makuu ya kampuni yetu yakapiga simu: kuuza tuuze, ila jina lao lisionekane ukutani. Basi akaandika mpaka namba mbili, akachovya kitambaa majini, akaisugua nafasi ya juu mpaka weusi wake ukang'aa. Kufika saa sita, wateja walikuwa wakiingia na kunyoosha kidole palepale. "Dada, nipe hiyo isiyo na jina." Naye akawa anaitoa santuri chini ya kaunta bila kucheka, alama za chaki zikibaki kwenye jalada.

Alasiri akaja mkaguzi kutoka makao makuu, Bwana Threlfall, mwavuli ukimchuruzika. "Tunachekwa mji mzima! Mpandishe huyo wa pili, uzibe hilo pengo."

Muuzaji, aliyekuwa amepanda tena ngazi, akamtazama kutoka juu, akairudisha chaki sikioni. "Wa pili ni wa pili, bosi. Hiyo nafasi ina wenyewe."