Masikio ya Oiva Kinnunen

Huko Kainuu, mkoa wa misitu na theluji, ukimtaja Oiva bila kutaja bundi, watu watakuuliza, Oiva yupi? Miaka thelathini na minane, kila Machi, theluji ikishika ganda, alifunga mbao zake za kutelezea, akaingia msituni giza likishuka. Alisimama dakika tano, akasikiliza, akaandika daftarini, akasogea mbele. Aliowasaka ni wale bundi wadogo, wasiozidi ngumi mbili. Dume hakiachi kipande chake cha msitu mwaka nenda mwaka rudi, huita usiku kucha mpaka jike atokee. Jike ni mhamaji, hufuata panya, leo yuko hapa, mwakani ng'ambo ya mpaka. Akifika, dume hunyamaza. Kwa hiyo siku za kumsikia ni chache, na bila masikio huna kazi.

Masikio ya Oiva yalikuwa yamekufa. Msumeno wa mota ulikuwa umeyatafuna kidogo kidogo tangu ujana wake. Mkewe Saimi alijua. Oiva naye alijua, ila kukiri? Ng'o!

Mwaka huo jirani yao Reijo alitaka kukata miti yake mizee kando ya ziwa, ile yenye mashimo ya vigong'ota ambamo bundi hutaga. Alikuja, akanywa kahawa, akasema, "Mzee Oiva, mjuzi ni wewe. Ukimsikia hata mmoja, siugusi msitu. Neno lako linanitosha."

Saimi akamfuata mumewe msituni. Walipofika kwenye miti ya Reijo akamshika mkono. "Huyo! Anaita, tena karibu!"

Oiva akakaza shingo. Hakusikia chochote. "Hakuna kitu."

"Kwako hakuna. Mimi namsikia. Andika!"

"Daftari ni langu, Saimi. Huandikwa alichosikia msikilizaji, si alichosikia mke wa msikilizaji."

"Loo! Punda ana nafuu kuliko wewe. Basi urudi wiki zijazo uparuze magome."

Kuparuza ni kukwangua gome kwa kijiti, kama mnyama mwindaji apandaye. Jike aliyelalia mayai huchungulia shimoni aone ni nani, nawe humwona kwa macho, masikio hayahitajiki. Hata mtoto anaweza. Oiva alirudi mara mbili, peke yake, na hakuparuza hata mti mmoja. Msikilizaji wa miaka thelathini na minane akwangue magome kama mwanafunzi, kwa sababu mkewe kasikia? Mara zote mbili msitu ulikuwa kimya, hata Saimi angekuwepo asingesikia kitu, maana jike alishafika. Kimya hicho kikampa mzee yule ujasiri wa kijinga. Akaandika sifuri, akampelekea Reijo habari.

Saimi angeweza kumwambia Reijo ukweli. Alifika hata mlangoni kwake, akazungumzia mkate wa shayiri, akarudi nyumbani. Aliona kusema ni kumvua mumewe nguo mbele ya watu. Aliumia, lakini alinyamaza.

Katikati ya Aprili mashine ikaingia. Siku ya pili, saa ya chakula, Reijo alisimama uani kwa Oiva na glavu yake ya manyoya mkononi. Ndani ya glavu mlikuwa na bundi jike, kichwa kimelegea, kifua kimepakwa ute wa mayai. Mti ulianguka naye ndani. Hawatoki hao wakishalalia, hata mti ukitikisika.

"Mayai sita," Reijo alisema. "Yote yamepasuka. Nimeyahesabu mwenyewe."

Oiva akampokea yule ndege, akamgeuza, akalikunjua bawa taratibu kama alivyozoea.

"Sikumsikia," alisema mwisho. "Reijo, mimi sisikii. Mwaka wa tatu huu. Saimi alimsikia, nikamkatalia."

Reijo hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alitazama kule ziwani, ambako sasa palionekana peupe, akasema polepole, "Ungeniambia husikii, ningeuacha."

Uso alikuwa ameugeuzia ziwa, kwa hiyo Oiva hakuiona midomo yake.

"Unasemaje?" aliuliza.

Ikambidi Reijo amgeukie, ainame, alirudie neno lile kwa sauti kubwa, mpaka Saimi akalisikia jikoni.