Malkia wa Napoli na Mama Mdogo

Nilikuwa najiandaa kufundisha chuoni Braamfontein habari za malkia wa zamani wa Napoli. Hakuwa na mtoto, akamtangaza mfalme wa kigeni mwenye jeshi kuwa mwanawe, kisha akamfuta na kumtangaza mwingine. Vita vikazuka.

Nilimsimulia mama mdogo, fundi cherehani wa mtaa wa Joubert Park aliyenilea tangu mama yangu afariki. Hakuinua macho kutoka kwenye nguo aliyokuwa akishona.

"Huyo mtoto alimwogesha? Alimpeleka shule?"

"Hapana. Alimwandika tu kwenye karatasi."

"Basi alitafuta askari, si mtoto."

Darasani nililirudia jibu hilo kwa Kiingereza, neno kwa neno. Mwanafunzi mmoja akauliza ni mwanahistoria gani aliyesema hivyo.

"Mama yangu," nikajibu.

Kiingereza kilitaka nimwite anti. Kiingereza hakijui nani aliniogesha.