Programu Iliyomtaja Akinyi

Jamaa, leo nimejichoma mwenyewe ofisini.

Mnajua Okoth ndiye alipewa kusimamia mtandao wetu hapa Kisumu, na mimi nilimtangulia kazini. Iliniuma.

Basi nikaomba bosi ruhusa ya kupima usalama wetu, nikaweka programu ya kubahatisha maneno ya siri ya wafanyakazi. Ni skrini nyeusi tu, amri unaandika mwenyewe.

Hapa kila mtu hutumia jina la mtoto wake. Nikailisha majina ya Kijaluo: ya waliozaliwa asubuhi, usiku, wakati wa mvua. Okoth ataumbuka!

Neno la Okoth likakataa kufunguka.

Langu likafunguka mara moja, bosi na Okoth wakiangalia: akinyi.

"Kwani una mtoto, bwana?" bosi akauliza.

Okoth hakucheka. Akinyi ni mkewe.

Niambieni, kesho naingia na uso gani?

Na lile neno la siri bado sijalibadilisha.